Pembe ya Dakika ya Pili

Rekodi ilinifikia Jumatano asubuhi, nikiwa natoa kopi za vyeti vya mteja mwenye haraka. Mwalimu wetu wa kwaya, ambaye siku hizi amerudi kwao Songea, alikuwa anasafisha simu yake ya zamani, akaitupa rekodi hiyo kwenye kundi letu la WhatsApp na maneno machache tu: "Sauti ya pili, mnaikumbuka siku hii?" Duka ninalofanyia kazi hapa Same liko karibu na barabara kuu na malori hayaishi, kwa hiyo niliibana simu sikioni kwa bega huku mikono ikipanga karatasi. Nikatusikia. Tulikuwa watatu: Mama Anaeli, Dada Nakiete na mimi. Nikajikuta natabasamu. Halafu ikafika dakika ya pili, na nyuma ya sauti zetu, kwa mbali lakini wazi kama mtu anayekohoa nje ya dirisha, pembe ikalia. Ikanyamaza. Ikalia tena. "Dada, vipi?" mteja akauliza. Nikamwambia karatasi imekwama. Haikuwa imekwama.

Kwa mujibu wa kitabu cha kamati ya maji ya kijijini kwetu, pembe hiyo haikupulizwa. Iliandikwa hivyo, watu wakasaini, na mzee mmoja akanyang'anywa kazi aliyoifanya tangu ujana wake. Mimi nilijua kwamba ilipulizwa, kwa sababu niliisikia. Nimekaa na jambo hilo miaka mitatu. Sijawahi kuliandika hata kwenye daftari langu, na daftari ndilo rafiki pekee ambaye huwa simwonei haya. Nina miaka kumi na tisa. Najua watu watacheka nikisema "enzi zile". Lakini mwaka ule nilipokuwa kidato cha tatu, nikiwa na kumi na sita, ni kama chumba nilichotoka bila kufunga mlango, na tangu Jumatano upepo unaubamiza. Nimeshindwa kulala, nimeshindwa kula, nimefagia chumba changu mara tatu kwa siku moja. Bora niandike.

Mwaka ule nilikaa kwa Mama Anaeli, kule juu mlimani, kwa sababu nyumba yake ilikuwa karibu na shule. Hatukuwa ndugu. Alikuwa mjane, mrefu, mwenye sauti nzito kiasi kwamba akipokea simu watu wasiomjua humwamkia "shikamoo mzee," naye huitikia tu ili kuokoa muda. Anaeli mwenyewe alikuwa amekwenda Kileo kulima, akawa mgeni wa Krismasi. Chumba changu ndimo majembe yalimolala, pamoja na gunia la mbegu na kalenda ya kanisa ya mwaka uliopita ambayo Mama Anaeli alikataa kuitoa kwa sababu ya picha yake ya maporomoko ya maji. Kati ya kitanda changu na jiko palikuwa na ukuta wa mbao tu. Kila kilichosemwa jikoni nilikisikia, na kila kilichoimbwa, maana yule mama mchana haongei sana, lakini akishaweka sufuria ya makande motoni huanza kuimba. Haimbi ule wimbo wanaoujua watu. Anaimba sauti ya pili peke yake, bila wimbo wenyewe juu yake, kwa hiyo ukimsikiliza unaona kama mtu anayejibu maswali ya mtu asiyeonekana. Makande yakiiva aliniita, nami nilikuwa nakula polepole, kijiko kimoja kimoja, kwa aibu ya kula kwa watu. "Kula, Namsifu," alikuwa akisema. "Aibu haishibishi. Ingekuwa inashibisha, wewe ungeshapasuka." Yeye ndiye aliyeniburuta kwenye kwaya. Alinisikia nikimfuatisha chini chini nyuma ya ule ukuta wa mbao, akagonga ubao kwa mwiko na kusema, "Jumamosi unakuja."

Vuli ya mwaka ule haikuja. Kwa asiyejua maisha ya huko, mashamba yetu yanategemea ndiva, yaani bwawa la udongo ambalo mfereji unalijaza usiku kucha, na mchana likifunguliwa maji yanateremka kwa zamu. Zamu ya Mama Anaeli ilikuwa kila baada ya siku tisa. Mlinzi wa ndiva alikuwa Mzee Mbonea, mfupi, mwenye koti la mvua hata jua likiwa kali, na pembe ya tandala iliyoning'inia kifuani kwa kamba. Pembe hiyohiyo ndiyo iliyowaita watu kwenye msaragambo, kazi ya pamoja ya kijiji, na ndiyo iliyotangaza maji. Ikilia mara moja, ni maji ya watu wa juu. Ikilia mara mbili, ni ya watu wa chini, na sisi tulikuwa wa chini. Ukisikia, unakimbia na jembe mpaka pale mfereji unapogawanyika, unafungua upande wako na kuziba wa mwenzako. Usipokuwepo maji yakifika, mwenye zamu inayofuata anayachukua, na hakuna wa kumlaumu. Mzee Mbonea alipenda kusema kwamba maji hayana mchumba, hayamsubiri mtu. Nilipokuwa napita kwenda shule namwamkia, alikuwa ananiuliza, "Marahaba. Leo umeongea na watu wangapi?" Nikimwambia wawili, anasema, "Umejitahidi. Na mimi ni wa tatu."

Mwezi huohuo wa jua kali, mwalimu wetu wa baiolojia, mama mmoja mcheshi kutoka Musoma, alitufanyia marudio ya sifa saba za viumbe hai. Kiumbe hai hujilisha, hupumua, hukua, huzaliana, hujongea, huhisi, hutoa taka mwilini. Niliziandika zote na kuzipigia mstari, halafu nyuma ya daftari, kwa penseli, nikaandika: "Na kuimba kuko wapi?" Nilisahau kufuta. Wiki iliyofuata alisahihisha madaftari, akasimama mbele ya darasa na kusoma swali langu kwa sauti. Nilitamani sakafu inimeze. "Ndege wanaimba, madam," mvulana mmoja wa nyuma akasema, "wanatafuta mke." Mwingine akadakia, "Basi kwaya nzima ya Lutheri inatafuta wake!" Darasa likaanguka kicheko. Yule mwalimu hakunicheka. Alisema hata wataalamu wanabishana. Labda zamani kuimba kuliwafanya watu wakae pamoja wasiliwe na simba. Labda mama alimwimbia mtoto ili anyamaze, fisi asisikie. Labda nyimbo za kazi zilifanya majembe yapande na kushuka kwa pamoja. "Kila kitu kwenye mwili kina kazi yake," alisema. "Kuimba nako lazima kulimsaidia mtu asife." Nililiandika jibu lake. Lilinituliza kwa siku kama kumi.

Siku ya kumi na ngapi sijui, ilikuwa Jumamosi. Mwalimu wa kwaya aliwaachia wengine waende, akatubakiza sauti ya pili, kwa sababu kwenye wimbo wake wa mashindano ya jimbo tulikuwa tunaharibu mahali pamoja, wiki ya tatu sasa. Mahali penyewe padogo tu. Sauti ya kwanza inapanda, besi inashuka, na sisi tunatakiwa kubaki palepale, kwenye noti moja, pumzi nzima, kisha tuteremke nusu hatua. Nusu tu. Kila mara tulikuwa tunateremka mapema, kama watu wanaoogopa kubaki peke yao darini. Siku ile alitukataza maneno, tukaimba midomo imefungwa, simu yake ikirekodi juu ya benchi. Kanisa lilikuwa tupu na madirisha wazi. Mama Anaeli alikuwa ameegemeza jembe lake mlangoni, maana zamu yake ya maji ilikuwa siku hiyo saa kumi, na maharage yake yalikuwa ndiyo kwanza yanatoa maua. Maharage hayo ndiyo yangetulisha mpaka masika, yeye na mimi. Kila mtu mle ndani alijua hivyo isipokuwa mwalimu, ambaye alikuwa mgeni milimani na alidhani lile jembe ni la bustani ya kanisa.

Tulijaribu, tukaharibu. "Tena," akasema mwalimu. Tukaharibu. "Tena. Dada Nakiete, usiniangalie kwa huruma, imba." Dada Nakiete, aliyekuwa ameolewa upande wa pili wa kijiji na mwepesi wa kucheka kuliko sote, akasema, "Mwalimu, hii noti yako ina miiba." Tukaanza tena, na safari hii hatukushuka. Tulibaki. Sijui nielezeje. Tulikuwa watatu, nikasikia wa nne. Haikuwa sauti ya yeyote kati yetu. Ilikuwa juu yetu kidogo, nyembamba, inatetemeka karibu na boriti za paa, na nilijua kwamba mmoja wetu akisogea hata kidogo, huyo wa nne ataondoka. Mimi ambaye kusema "nipo" wakati wa kuitwa majina kulinitoa jasho, sikuwa na aibu yoyote mle ndani, kwa sababu hapakuwa na mimi. Hapo ndipo pembe ilipolia kule juu, mara mbili, saa moja kabla ya wakati wake.

Niliisikia. Niandike hivyo tena: niliisikia, na nilijua ni yetu. Nilihesabu mbili. Niliona jembe mlangoni. Nilikuwa na nafasi ya kufungua mdomo na kusema neno moja, "maji", na Mama Anaeli angetoka mbio na angewahi. Sikusema. Ningependa kusema nilinyamaza kwa sababu ya haya, na kila ninayemjua angeamini, lakini si kweli. Nilinyamaza kwa sababu sikutaka yule wa nne aondoke. Tukateremka nusu hatua, wote kwa pamoja, laini kama mtu anayekaa kwenye mkeka. Mwalimu hakusema "Tena." Alisimama tu. Halafu Mama Anaeli akacheka, kicheko kikubwa cha kifuani ambacho sikuwahi kumsikia akicheka, na Dada Nakiete akampiga mgongoni, na mwalimu akasema turudie ili tusisahau, tukarudia mara nne zaidi.

Saa kumi kasoro tulipofika pale mfereji unapogawanyika, udongo ulikuwa umeshalowa na upande wetu ulikuwa umezibwa vizuri kwa mawe na majani ya mgomba. Maji yalikuwa shambani kwa jirani wa chini, shemeji yake Mzee Mbonea. Baadaye tulielezwa kwamba ukingo wa ndiva ulikuwa umepasuka, maji yanavuja, na mzee akaona bora ayafungue mapema kuliko yapotelee korongoni. Mama Anaeli alichuchumaa, akashika ule udongo, akaunusa. "Pembe haijalia," akasema. Kisha akanigeukia. Naukumbuka uso wake vizuri kuliko ninavyoukumbuka wangu. "Namsifu, wewe umesikia pembe?" Nikasema, "Hapana, mama." Jioni ile nilikaa kitandani na daftari kwa muda mrefu. Kwenye ukurasa wa siku hiyo pana maneno mawili tu: "Leo tulipata." Nimeuangalia tena juzi. Hata daftari nililidanganya.

Maua ya maharage yalianguka katika wiki moja. Zamu iliyofuata ndiva ilikuwa kavu, watu wako kwenye msaragambo wa kuziba ule ufa, na Mama Anaeli akapeleka shauri kwenye kamati ya maji. Sisi Wapare tunataniwa kwamba tunaweza kuuza ng'ombe kufuata kesi ya mbuzi, na siku ile sikuona wa kukanusha utani. Walikaa kwenye darasa la shule ya msingi, wazee kwenye madawati ya watoto, magoti yakigusa videvu. Mama Anaeli alidai kwamba mlinzi alifungua kabla ya saa na hakupuliza, kwa makusudi, ili shemeji yake afaidi. "Nimepuliza," alisema Mzee Mbonea. "Kwa mdomo huuhuu." Shemeji yake akasimama kushuhudia kwamba alisikia, na darasa zima likaguna. "Wewe lazima usikie," mama mmoja akasema, "ulikuwa umeshatega beseni!" Wengine walikuwa kwenye mnada, na upepo wa siku ile ulivuma kuelekea kanisani. Basi mwenyekiti akatuita sisi; mwalimu wa kwaya, mgeni asiyeijua pembe, hakuitwa. Dada Nakiete akasema, "Mimi nilikuwa naimba, mwenyekiti. Nikiimba sisikii hata mume wangu." Watu wakacheka. Nikaitwa mimi. Nikaangalia sakafu. "Hata mimi," nikasema. "Hata wewe nini? Paza sauti, binti." "Nilikuwa naimba." Ilikuwa kweli tupu, na ndiyo uongo mkubwa niliowahi kuusema. Mzee Mbonea alinitazama, si kwa hasira, bali kama mtu anayesubiri sentensi iishe. Sikuimalizia. Wakaandika kwamba pembe haikupulizwa. Akaivua shingoni ile kamba, mwenyekiti akamwambia pembe ni yake, aondoke nayo, kazi tu ndiyo wanaichukua. Aliyepewa kazi hiyo ni kijana mmoja ambaye mpaka leo anapuliza filimbi ya refa.

Shuleni habari ilifika kabla yangu. Yule mwalimu wa baiolojia alishika kiuno. "Mpare kapitwa na maji kwa ajili ya wimbo? Nyie watu si ndio mnakula ugali mkavu huku mmetundika picha ya samaki ukutani?" Ni utani wa nchi nzima, tumeuzoea kama jina la pili. Lakini siku ile niliuchukua nikaenda nao nyumbani, nikaulaza karibu nami, sikuweza kuuacha. Maana alikuwa amefundisha kwamba kuimba lazima kulimsaidia mtu asife. Nyimbo za msaragambo, sawa. Wimbo wa kumlaza mtoto, sawa. Lakini sisi wimbo ulitushika miguu huku chakula chetu kinapita mlangoni, kikituita kwa jina, mara mbili. Hakuna simba aliyefukuzwa. Hakuna aliyeolewa. Simba angekuja siku ile angetukuta tumefumba macho. Kama kila kitu mwilini kina kazi yake, ni kazi gani hii inayomfanya mtu mwenye njaa aone bora ukelele mwembamba karibu na boriti kuliko maharage? Huyo wa picha ya samaki, nilianza kufikiri, labda si bahili. Labda ugali unashibisha tumbo na picha inashibisha kitu kingine, ambacho hakimo kwenye zile saba, na ambacho kikishikwa na njaa kinaweza kumla mwenyewe.

Wiki zilizofuata tulikula mahindi. Mama Anaeli aliyachemsha tangu adhuhuri vilevile, akayaita makande vilevile, na hakukuwa na harage hata moja la kusingizia. Nilikuwa nayatafuna nikijua ni kazi ya mdomo wangu. Aliacha kwenda kwaya, akasema miguu inamuuma. Na jikoni aliacha kuimba. Ukimya ule nyuma ya mbao ulikuwa mzito kuliko njaa, nisimung'unye maneno. Njaa nilikuwa naigawana naye, ukimya ulikuwa wangu. Mpaka jioni moja, karibu na mitihani ya kufunga mwaka, Anaeli aliponitumia kupitia kwa dereva mfuko wa maharage kutoka Kileo nimpelekee mama yake. Mama Anaeli alikaa kuyachambua, nikasikia mawe madogo yakitupwa, ti, ti. Halafu, kwa sauti ya chini kabisa, akaanza pale mahali petu. Noti ile moja. Akabaki juu yake. Mimi nikiwa nimelala chali upande wa pili nikaichukua. Akanyamaza. Nikanyamaza. Halafu akaendelea, nami nikaendelea, na tulipofika kwenye nusu hatua hakuna aliyeharibu. Hatukuitana, hatukuzungumza. Kesho yake alinipa chai kama kawaida. Nilidhani siku ile ndiyo msamaha, lakini msamaha wa jambo ambalo mwenzako halijui ni wizi mwingine tu. Januari nikahamia bweni.

Sasa Alhamisi, siku moja baada ya ile rekodi, Dada Nakiete ambaye siku hizi yuko Arusha aliandika kwenye kundi: "Jamani dakika ya pili hapo nyuma ni nini? Ng'ombe?" na vicheko vitano. Watu waliona, Mama Anaeli akiwamo, hawakujibu. Niliandika "Ndiyo" nikafuta. Niliandika "Hapana" nikafuta. Ijumaa nilipiga chapa barua ya mtu nikaweka neno "pembe" mahali pa "pamoja", akanirudishia. Jumamosi niliomba ruhusa, nikapanda gari la asubuhi la mlimani, na njia nzima nilikuwa napanga maneno, kila kona nikiyapanga upya.

Nilimkuta Mama Anaeli uani anachuma mchicha. Amekonda kidogo, sauti ileile. "Shikamoo, mama." "Marahaba." Hakuinuka. "Umekuja kwa ajili ya ng'ombe wa Nakiete." Maneno yangu yote ya kwenye kona yakamwagika. "Si ng'ombe, mama." "Najua si ng'ombe. Mimi nimezaliwa chini ya pembe ile." Nikasema kwa mara moja, kama mtu anayetapika, kwamba nilisikia, kwamba nilihesabu mbili, kwamba nilimdanganya pale mferejini na nikadanganya kwenye kamati. Aliendelea kuchuma, majani manne, matano. "Na mimi je?" akasema. "Unadhani nilikuwa na pamba masikioni? Nilijiambia, huyo ni ng'ombe wa nani huko. Nilijiambia harakaharaka, kabla pembe yenyewe haijamaliza. Mpaka tunafika mferejini nilikuwa nimeshaamini." Nilikaa chini bila kukaribishwa. "Sasa kwa nini uliniuliza?" Hapo ndipo aliponitazama. "Nilitaka useme ndiyo. Ungesema ndiyo, ningerudi zangu nyumbani nikalia maharage yangu, yakaisha. Uliposema hapana, nikapata mtu wa kumshtaki." Hakusema kwa ukali. Alisema kama mtu anayerudisha kitu cha watu. Kisha akaingia ndani, akatoka amejifunga kanga safi, na maharage kwenye kibakuli. "Haya, twende. Peke yangu nimeshindwa tangu Jumatano."

Mzee Mbonea alikuwa kibarazani na koti lake. Pembe ilikuwa kwenye msumari juu ya mlango, buibui ameifunga mdomo. Tulimwamkia, akaitikia, akaniuliza, "Leo umeongea na watu wangapi?" Nikatoa simu nikaiweka mapajani mwake, kando ya mkongojo, nikafungua. Alisikiliza kichwa kimeinama. Ilipofika dakika ya pili, vidole vyake vikakaza. Mara moja. Mara mbili. Mama Anaeli akasema, "Mzee, nilisikia." Nikasema, "Hata mimi." Na safari hii nikamalizia: "Hata mimi nilisikia, nikanyamaza." Nikanyoosha mkono niizime, maana tulichokuja kukionyesha kilikuwa kimeshaonekana.

"Acha," akasema.

Nikarudisha mkono. Simu ikaendelea, sauti zetu tatu zikiwa bado juu ya ile noti. "Miaka mitatu watoto wananiita mzee wa maji ya shemeji," akasema, bila kuinua kichwa. "Shauri lilifunguliwa mezani, litafungwa mezani. Jumatatu mtakuja kwenye kamati, nyote wawili, na hicho kidude. Na wewe binti utapaza sauti." Nikasema nitapaza. "Kibakuli kiweke hapo. Sijasema nimesamehe." Mama Anaeli akakiweka. Tukateremka nusu hatua mle kwenye simu, halafu kikatoka kile kicheko kikubwa cha kifuani, na mzee akashtuka. "Nani huyo anacheka?"

"Ni mimi," akasema Mama Anaeli.

"Maji yako yanapita, wewe unacheka."

"Ndiyo, mzee."

Rekodi ikaisha. Kidole cha mzee kikazunguka juu ya kioo cha simu bila kujua pa kubonyeza. "Rudisha," akaniambia. Nikavuta mpaka karibu na dakika ya pili, mahali pembe yake inapoanza. Akatikisa kichwa. "Sitaki pembe. Pembe naijua. Rudisha pale mnapoanza."